Kipimo cha Januari

Jumapili, 12 Novemba 2006
Asubuhi: mawingu, hakuna mvua, upepo mdogo. Baridi bado haijafika.

Nimeanza daftari hili kwa sababu programu ya mazoezi inasema niandike. Sejal, ambaye tunafanya naye kazi kwenye ghala la vioo vya miwani kule Aston, amenipa kurasa nne zilizopigwa chapa, wiki kwa wiki, kuanzia leo hadi Agosti. Niandike hali ya hewa, nilichofanya, na saa niliyolala. Saa ya kulala nitaijaza asubuhi yake, maana mtu haandiki akiwa usingizini.

Mashindano yenyewe yanaitwa triathloni, ya masafa marefu. Unaogelea karibu kilomita nne, unaendesha baiskeli mia moja na themanini, halafu unakimbia arobaini na mbili, yote siku moja. Sejal alifanya mwaka jana. Mshindani halipwi, yeye ndiye anayelipa. Valère, mume wangu, aliuliza jambo hilo mara mbili ili ahakikishe amesikia vizuri.

Nami nimejiuliza kwa nini. Tangu tufike Birmingham tarehe zote zimepangwa na watu wengine: tarehe ya kusikilizwa ombi la ukimbizi, tarehe ya kupewa nyumba, tarehe ya kuanza kazi. Hii nimeichagua mwenyewe. Sijapata sababu nyingine na sidhani naihitaji.

Sharti la Sejal ni moja. Kabla saa hazijasogezwa mbele mwishoni mwa Machi, niwe nimeogelea umbali wote bwawani, ndani ya zile saa mbili za kipindi cha wanawake siku ya Jumamosi. Nikishindwa, ataniandikisha kwenye mashindano mafupi. Nyumba yetu ya Uvira, kule tulikotoka, inatazama ziwa, lakini wasichana tulishuka ziwani kufua na kuoga tu. Kuogelea nilijifunza hapa, mwaka juzi.

Kulala: saa nne na nusu usiku.

Jumanne, 14 Novemba
Mvua nyembamba. Nimekimbia kando ya mfereji hadi kazini. Miguu imelalamika. Kulala: saa nne.

Jumamosi, 25 Novemba
Upepo, jua kidogo saa tatu.

Bwawani na Sejal. Nilikwenda na kurudi mara kumi na tano, kisha nikashika ukuta kama mtu aliyeshika jamaa yake kituo cha basi. Sejal amezaliwa hapa, lakini bibi yake alikuwa na jiko Kisumu, na Kiswahili chote alichorithi ni cha jikoni. Nikifika ukutani ananiambia "Bado." Nikifika tena, "Bado." Nilimuuliza kama analo neno lingine. Akasema analo, "Tayari," lakini bibi yake hakulitumia mpaka chakula kiive.

Kulala: saa tatu na nusu.

Alhamisi, 21 Desemba
Ukungu siku ya tatu. Nyumba ya ng'ambo ya barabara haionekani.

Baiskeli haitoki nje katika hali hii. Sejal amenikopesha chuma cha kufungia gurudumu la nyuma, kwa hiyo nimeendesha saa mbili sebuleni bila kwenda popote. Valère alikula akinitazama. Akaniuliza, "Mama Sagesse, umefika wapi?" Nikamwambia Kings Heath, upande wa pili wa mji. Akasema ninunue maziwa nikirudi.

Kulala: saa nne.

Jumapili, 7 Januari 2007
Baridi kavu, anga safi.

Baada ya ibada Jeanne ametupima wanakwaya wote kwa ajili ya nguo za Pasaka. Kila mwaka tunashona kitenge kimoja, na kila mwaka Jeanne anakishona, kwa sababu ndiye fundi na ndiye kiongozi wa kwaya, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni kazi mbili. Tumetoka mtaa mmoja wa Uvira, Mulongwe. Mama yake na mama yangu walichota maji bomba moja.

Alinizungushia futi kiunoni, akaizungusha tena. "Ile mwaka ilipita ulikuwa munene zaidi," akasema. Nikamwambia ni mazoezi. Akaandika kipimo bila kujibu. Jeanne ana namna ya kunyamaza inayosikika chumba kizima. Huwa inaniudhi.

Kulala: saa tatu na nusu.

Alhamisi, 18 Januari
Dhoruba. Vigae vimeruka kwenye paa la jirani. Programu inasema kukimbia. Sikukimbia.

Jumapili, 28 Januari
Mvua, kisha mawingu.

Ibada ilikwisha saa saba, na baada yake chakula, bugali, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, kama kila Jumapili. Mimi nikachukua ndizi moja. Programu imeweka mbio ndefu Jumapili alasiri, na mtu hawezi kukimbia kilomita ishirini akiwa na bugali tumboni. Nyumbani nakula kuliko Valère. Ila nyumbani hakuna anayeniona.

Usiku Valère akanieleza kwamba wanaume wamemtania. Mmoja alimuuliza kama kabati la chakula analifunga kwa funguo. Alicheka nao, kisha njiani hakucheka. Aliniambia, "Kula hata mbele ya watu tu. Ukifika nyumbani ukimbie."

Kulala: saa tano.

Alhamisi, 8 Februari
Theluji tangu alfajiri, hadi kifundo cha mguu.

Mabasi yamekwama Soho Road, yamepangana kama matofali. Nikafunga viatu na kukimbia hadi kazini nikiwa na fulana mbili na bila koti, maana koti huzuia mikono. Lilikuwa zoezi zuri. Njia yote ilikuwa yangu. Mbele ya gurdwara, hekalu la Masingasinga, mzee mwenye koleo la theluji alinipisha na kuinua mkono.

Jioni simu ya Jeanne. Alikuwa ndani ya basi mojawapo, ameniona dirishani. Aliuliza kama kuna ugomvi nyumbani. Nikasema hakuna. Akauliza nilikuwa namkimbia nani, basi. Nikasema nilikuwa nakwenda kazini. Akanyamaza kwa ile namna yake.

Kulala: saa nne.

Jumapili, 11 Februari
Theluji imegeuka matope.

Saa kumi, nikiwa nimetoka tu kukimbia, mlango umegongwa. Jeanne na wanawake wanne wa kwaya, wamebeba masufuria yaliyofungwa kwa vitambaa. Ndagala, yaani dagaa wa ziwani, sombe, wali, maharage, na supu ya kuku ambayo kwetu hupikiwa mzazi au mgonjwa.

Ndipo nilipoelewa kwamba wanadhani naumwa. Watu wa kwetu hawamuulizi mtu anaumwa nini. Wanapika, wanakuja, wanakaa, wanazungumza habari za bei ya unga. Nilikuwa natweta bado na jasho linanitoka. Mmoja akanivutia kochi, mwingine akanifunika blanketi magotini. Nikawaeleza mashindano kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na kilomita zake. Walisikiliza kwa adabu kubwa. Nilipomaliza, Jeanne akasema, "Sawa, dada. Mungu anajua." Wakaomba. Sala ilikuwa ndefu na ilitaja damu, mapafu na mifupa, ili isiache kitu.

Walimuuliza Sagesse, binti yangu, kama mama anakula vizuri. Akajibu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yake, kwamba mama yake haumwi, ana wazimu tu. Nadhani hilo halikusaidia.

Supu nimeinywa yote. Ilikuwa nzuri.

Kulala: saa sita kasoro.

Jumanne, 20 Februari
Asubuhi ukungu mwepesi, baadaye joto la ajabu kwa mwezi huu.

Saa kumi na mbili jioni kaka yangu Arsène amepiga simu kutoka Uvira. Arsène hapigi, huwa anabipu tu, mimi ndiye ninayenunua kadi. Kwa hiyo nilijua ni jambo. Akasema mama anafunga. Tangu wiki iliyopita anakula uji kidogo jioni, basi, na ameapa hataacha mpaka Mungu ampe jibu juu yangu. Juzi aliona kizunguzungu bombani, ndoo ikamwagika. Ana miaka sabini na mmoja.

Nikamwambia nitapiga mimi. Nikashuka Soho Road kununua kadi, nikarudi, nikapiga. Nitaandika tulivyosema kwa sababu nimekuwa nikiyarudia kichwani tangu saa ile.

"Mama, niko muzima. Ni mazoezi tu."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kuogelea, na baiskeli, na kukimbia."

"Nani anakukimbiza?"

"Hakuna, Mama. Ninakimbia mwenyewe."

"Mtu ambaye hakuna anayemukimbiza anakimbia ndani ya theluji bila koti?"

Basi hata koti limefika Uvira. Nikamwambia tena kwamba siumwi, kwamba ninakula, kwamba nina nguvu kuliko nilivyokuwa na miaka ishirini. Aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole, bila hasira:

"Mwanangu, baba yako naye tulikuambia ana homa kidogo."

Mwaka ule nilipiga simu kumsalimia baba, wakaniambia amelala, ana homa kidogo, nipige wiki ijayo. Alikuwa ameshazikwa. Walifanya vile kwa sababu nilikuwa mbali, peke yangu na mtoto mdogo kabla Valère hajafika, na mtu aliye mbali hapewi msiba kwa simu. Sikuwahi kuwalaumu. Sisi wa huku nasi tunafanya vilevile: mtu akiwa kitandani hospitali atasema yuko sawa, ni mafua. Kila mmoja anajua kwamba mwenzake anaficha, na ndiyo maana kwetu haulizwi anayeumwa. Anaulizwa aliyemwona.

Aliyeniona ni Jeanne.

Sejal anasema nimpelekee mama picha. Nitampelekea.

Kulala: saa nane usiku.

Jumanne, 27 Februari
Mvua fupi ya mawe, kisha jua.

Picha ilifika kwa barua pepe, Arsène akaichapisha mjini. Ni ile aliyonipiga Sejal ukingoni mwa bwawa, natabasamu, nimevaa kofia ya mpira ya kuogelea. Mama ameitazama sana. Amesema: kumbe wameshamnyoa, wamemvalisha kofia ya hospitali.

Bado anafunga.

Kulala: saa saba.

Jumapili, 4 Machi
Mvua tangu usiku. Sikukimbia.

Valère anasema niache. Hakusema kwa ukali. Alisema mashindano yatakuwepo mwaka ujao pia, na mama yangu ana miaka sabini na mmoja. Nimefikiri jambo hilo kwa utaratibu. Nikiacha leo, itachukua miezi kunenepa. Nikionekana nimekaa tu nyumbani, sikimbii tena, Jeanne atasema nini kwa simu? Kwamba sasa siwezi hata kuinuka. Kuacha hakutamlisha mama.

Na hata kama kungemlisha, sijui ningefanya nini. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.

Kanisani nimekula sahani mbili mbele ya watu. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba dawa zinaongeza hamu ya kula.

Kulala: saa saba na nusu.

Jumamosi, 10 Machi
Jua. Maua ya manjano kwenye bustani za watu.

Bwawani asubuhi, vibaya, mawazo yako Uvira. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Jeanne, nywele zikiwa bado mbichi. Anashonea chumba cha mbele, mashine iko dirishani, nguo za kwaya zimetundikwa kwenye reli ya pazia. Nilikuwa nimepanga maneno makali njiani. Nilianza nayo.

"Ulimwambia mama yangu naumwa."

"Nilimwambia umekonda," akasema, mguu ukiwa bado kwenye mashine. "Ile ya kuumwa alisema yeye mwenyewe."

"Na koti?"

"Koti nilisema, ndiyo. Hukuvaa koti."

Nikamwambia kwamba mama hali. Kwamba amepata kizunguzungu kwenye bomba lile lile la mama zetu. Mguu wake ukasimama. Hakuwa anajua; Arsène hakumwambia, na yeye kazi ilikuwa nyingi, hakupiga tena. Alikaa kimya, lakini safari hii haikuwa ile namna yake.

Ili asinitazame, akashusha nguo yangu kwenye reli akanivalisha. Ilinikaa vizuri kabisa, ingawa hakunipima tena. Nikaona kwamba hakukata chochote. Kiunoni na mbavuni alikuwa ameingiza kitambaa ndani, mapana ya mkono wangu, akakishikiza kwa uzi mweupe wa muda. Nje ilikuwa ndogo, ndani ilikuwa bado na kipimo cha Januari. Nikamuuliza kwa nini hakukata, kitambaa kinavimba.

"Nguo haikatwi kwa kipimo ya ugonjwa," akasema. "Ukipona utavaa nini?"

Miezi miwili nimemwandika humu kama mtu anayeniudhi. Yeye miezi miwili anakunja kitambaa ndani ili nipate mahali pa kurudia.

Nikamwomba aje bwawani, aone kwa macho yake, kisha ampigie mama. Akasema hawezi kwenda kukaa kutazama watu wakiwa uchi. Nikamwambia ni kipindi cha wanawake. "Basi ni wanawake wako uchi," akasema. Lakini akauliza ni saa ngapi. Wiki ijayo ana magauni ya harusi. Wiki inayofuata atakuja.

Kulala: saa tano.

Jumamosi, 17 Machi
Baridi imerudi, upepo wa kaskazini.

Nimejaribu umbali wote. Filimbi ya mwisho wa kipindi imelia nikiwa nimebakiza kwenda na kurudi mara sita. Mlinzi wa bwawa alinionyesha saa ya ukutani. Sejal alinipa taulo, akasema "Bado," kwa sauti ndogo. Imebaki Jumamosi moja.

Arsène anasema mama ameanza kulala mchana.

Kulala: saa saba.

Jumamosi, 24 Machi
Asubuhi: mawingu mazito, hakuna upepo, baridi ya wastani.

Jeanne alikuja. Alivaa koti lake la kanisani na kilemba. Mlangoni walimpa mifuko ya buluu ya kuvalia viatu, akaivaa kama mtu anayeingia kwa daktari. Mle ndani ni joto kama jikoni, jasho likaanza kumtoka kabla mimi sijaingia majini, lakini koti hakulivua. Aliketi kwenye benchi la plastiki karibu na Sejal. Hawana lugha moja, wale wawili. Sejal alimwonyesha ukuta wa huku na ukuta wa kule, kisha vidole. Jeanne akaelewa. Mkononi alikuwa na kile kijimto cha pini anachofunga akishona, hakivui hata kwenye basi. Kila nikienda na kurudi, alichomoa pini moja akaichoma kwenye upindo wa koti.

Kuogelea mbali ni kazi isiyo na habari. Unaona mstari mweusi chini, halafu unaona ukuta. Nilihesabu mpaka thelathini nikapoteza hesabu, nikawaachia wao. Kila nikigeuza kichwa kuvuta pumzi upande wa kulia nilimwona Jeanne. Mwanzo alikuwa ameketi. Baadaye alikuwa amesimama. Baadaye alikuwa anatembea ukingoni sambamba nami na mifuko yake ya buluu, mkono kifuani, na midomo inacheza. Nilidhani anaomba. Sejal ameniambia alikuwa anaimba, ule wimbo wetu wa Pasaka, kwa mwendo wa mikono yangu, na wanawake wengine walisimama kumtazama.

Msuli wa bega la kushoto ulikaza. Nikageuka chali nikapiga miguu tu mpaka ukaachia. Nilisikia Jeanne akisema kwa sauti, "Mutoe! Mutoe huyu!" na Sejal akisema "Bado, Mama, bado." Nikageuka tena nikaendelea.

Saa ya ukutani sikuitazama. Nilifika ukutani, nikangoja kusikia "Bado," na sikulisikia. Nilipoinua kichwa Sejal alikuwa amechuchumaa juu yangu. Akasema, "Tayari." Kijimto cha pini kilikuwa kitupu. Filimbi ikalia baada ya hapo, nikiwa nimekaa kwenye ngazi natweta.

Jeanne alinifunika taulo, kisha koti lake juu ya taulo, na pini zake zote. Kwenye kituo cha basi nilikula ndizi tatu na mkate mzima wa zabibu. Alinihesabia vipande.

Tulipiga simu kutoka sebuleni kwangu. Nilitaka kuanza mimi, Jeanne akanizuia kwa kidole. Mama hupaza sauti kwenye simu, kwa sababu Uingereza ni mbali, kwa hiyo nilisikia yote.

Jeanne alisalimia. Alisalimia nyumba yote, mmoja mmoja. Kisha akasema, "Mama, nimemuona. Nimetoka naye sasa hivi."

Kadi ilikuwa inakwisha, lakini sikuthubutu kusema.

"Umemuona wapi?"

"Ndani ya maji. Saa mbili nzima. Mimi nilikuwa kando, nilihesabu."

"Alitoka mwenyewe, ao walimutoa?"

"Mimi nilitaka wamutoe," Jeanne akasema. "Alikataa. Alitoka mwenyewe, Mama, kwa miguu yake. Kisha alikula ndizi tatu na mkate, na hakunipa."

Nikasikia kitu ambacho kwanza sikukijua. Mama alikuwa anacheka. Halafu nikamsikia akiweka simu kando, akimwita mke wa Arsène, akiuliza kama pale jikoni kuna kilichobaki.

Hakuomba kuongea nami. Hakuhitaji.

Valère amepika, Sagesse ameandaa meza, na Jeanne amekula nasi. Baada ya kula akafungua mkoba, akatoa nguo yangu akaitandaza mezani upande wa ndani nje. Akapitisha kidole kwenye uzi mweupe, kwanza kiunoni, kisha mbavuni. Akaniambia nisimame wima, akanitazama toka juu hadi chini kama wiki zote hizi hajanitazama. Halafu akatoa mkasi, akakata kitambaa kilichozidi.

Saa zinasogezwa mbele usiku huu.

Kulala: saa tatu kamili usiku, kwa saa ya zamani.